Kidonge kimoja kilimuua mpwa wangu kule Minnesota. Niwaambie nini vijana wa Umoja?

SWALI: Daktari, mwezi wa tatu tulimpokea mpwa wangu kwenye jeneza pale uwanja wa ndege wa JKIA. Alikuwa na miaka 26, akiishi Minnesota, Marekani, na kufanya kazi ya kutunza wazee. Mgongo ulimsumbua kwa sababu ya kuwainua wazee hao, rafiki yake akampa kidonge cha maumivu, akalala asiamke. Polisi wa kule walisema kidonge kilikuwa bandia na ndani yake mlikuwa na fentanili. Sasa kanisani wameniomba nizungumze na vijana, na mwenyekiti ananisukuma nitafute picha za kutisha. Je, vidonge hivi vinaweza kufika hapa Nairobi? Mtu atavitambuaje? Tena niseme nini, maana huku nyumbani tuliwaambia watu kwamba moyo wake ulisimama tu. – Mama Achieng', Umoja, Nairobi

JIBU: Mama Achieng', poleni sana, na pole za pekee zimfikie dada yako, mama wa marehemu.

Nianze na mwenyekiti wako. Zile picha mwambie abaki nazo. Vijana wa Umoja wameona mengi kwenye simu zao kuliko mimi na wewe. Isitoshe, ukimwonyesha kijana aliyekaa vizuri kwenye benchi la kanisa picha ya mtu aliyekonda, sindano mkononi, amelala kando ya mtaro, atasema moyoni: huyo si mimi. Na kweli si yeye. Wala hakuwa mpwa wako. Mpwa wako alikuwa mfanyakazi aliyetoka zamu akiumwa na mgongo. Anzia hapo. Wapo wanaouawa na vidonge hivi ambao hawakuwa wakitafuta kulewa, walikuwa wakitafuta usingizi.

Sasa kilichomuua. Morfini, kodeini, tramadoli, oksikodoni, heroini na fentanili zote ni za ukoo mmoja, ukoo wa afyuni, na wataalamu huziita opioidi. Zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Zinatuliza maumivu, na pia zinatuliza ile sehemu ya ubongo inayotukumbusha kupumua tukiwa tumelala. Kwa kipimo cha daktari, kazi ya pili haionekani. Kipimo kikizidi, mtu analala, pumzi inakuja kwa nadra, kisha inasahaulika kabisa. Moyo husimama baadaye kwa kukosa hewa. Kwa hiyo mliposema moyo ulisimama hamkudanganya, ila mlianza hadithi kutoka mwisho.

Fentanili yenyewe si sumu iliyobuniwa na wahalifu. Ilitengenezwa na Paul Janssen, mwanasayansi wa Ubelgiji, karibu mwaka 1960, na hadi leo hutumika kwenye vyumba vya upasuaji. Mgonjwa huipewa kwa mikrogramu, mtaalamu wa ganzi akiwa kichwani pake na mashine ikihesabu pumzi zake. Nguvu yake ni mara 50 hadi 100 ya morfini. Nguvu hiyo ndiyo iliyowavutia wauzaji haramu: mzigo mdogo kabisa unatengeneza vidonge vingi mno.

Namna wanavyovitengeneza ndiyo ningependa vijana wako waielewe, kwa sababu ukiielewa huhitaji tena kutishwa. Mtu ana unga wa fentanili, ana unga mwingine usio na kazi wa kujazia, na ana mashine ya kugandamiza vidonge yenye muhuri wa kuchonga. Kule Marekani muhuri unaopendwa ni wa kidonge cha buluu chenye herufi M upande mmoja na namba 30 upande wa pili, kuiga oksikodoni halisi ya miligramu 30. Anachanganya kwenye ndoo au mashine ya jikoni, anagandamiza, anauza. Wewe umekanda unga wa mandazi maisha yako yote, Mama Achieng'. Ukitia iliki ya kusaga kidogo kwenye unga mwingi halafu ukakanda kwa haraka, andazi moja litanukia mpaka kwa jirani na lingine halitakuwa na harufu yoyote. Vidonge hivi viko vivyo hivyo. Idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, inasema miligramu 2 za fentanili zinaweza kumuua mtu mzima asiyezizoea, na miligramu 2 ni kama punje 10 hadi 15 za chumvi ya mezani. Ndiyo maana marafiki wawili wanaweza kugawana vidonge kutoka kifuko kimoja, mmoja akaamka asubuhi na kwenda kazini. Huenda yule rafiki aliyempa mpwa wako alikuwa amemeza kimoja kutoka kundi lile lile na kikamsaidia. Sisemi hivyo kumtetea. Nasema kwa sababu maneno "mimi nilikunywa na sikudhurika" ndiyo vijana wanayoyaamini kuliko maneno ya mfamasia, na kwa vidonge vya namna hii hayana maana yoyote.

Maabara ya DEA ilipopima vidonge bandia vya fentanili vilivyokamatwa mwaka 2023, ilikuta 7 kati ya kila 10 vina kipimo kinachoweza kuua. Mwaka 2021 watu zaidi ya 100,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa, wengi wao kwa opioidi za kutengenezwa maabara, hasa fentanili. Na hapo hapo Minnesota ndipo alipofia mwanamuziki Prince, Aprili 2016. Mwendesha mashtaka alieleza miaka miwili baadaye kwamba inaelekea alimeza kidonge akidhani ni Vicodin, dawa ya maumivu, kumbe ni bandia chenye fentanili. Prince alikuwa na uwezo wa kumwita daktari yeyote anayemtaka. Ukiona vijana wanadhani mambo haya ni ya watu wa mtaani, watajie huyo, ingawa itabidi kwanza uwaeleze Prince alikuwa nani.

Umeuliza mtu atavitambuaje. Hatavitambua. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka 19 na siwezi kuvitambua kwa macho.

Mwaka jana kijana wa boda boda alikuja dukani kwangu jioni, kofia ya pikipiki bado kichwani. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nne, akakifungua taratibu juu ya kioo. Ndani mlikuwa na vidonge vitatu vyeupe, na kando yake kipande cha foili kilichokatwa kwa mkasi, kimekatwa pale hasa ambapo jina la dawa na tarehe ya mwisho vingekuwa. Akaniambia, "Daktari, niongezee hizi za mgongo." Nilivigeuza kwa kijiti, nikavitazama kwa lenzi. Nilichoweza kumwambia ni kwamba ni vyeupe, ni mviringo, na kimoja kina ufa. Nikamuuliza amevipata wapi. Kwa jamaa wa stendi. Jamaa amevipata wapi? Kwa mtu wa mjini. Alikuwa akimeza viwili asubuhi na viwili jioni, na akikosa siku moja anatokwa na jasho, mwili unawasha, usingizi hauji. Hapo nikajua ni ukoo gani wa dawa, lakini nilijua kwa kumsikiliza yeye, wala si kwa kuvitazama vidonge. Nilimwandikia aende hospitali. Nilimwomba aniachie vile vidonge, akavikunja tena kwenye karatasi na kuondoka navyo. Sikumwona tena.

Hilo ndilo neno moja ambalo ningekuomba ulirudie mpaka wachoke: usiulize kidonge kinafananaje, uliza kimepitia mikono ya nani.

Je, vinaweza kufika Nairobi? Usikubali kijana akuambie haya ni mambo ya Wamarekani. Kati ya mwisho wa 2014 na Agosti 2015, kaskazini mashariki mwa Kongo, si mbali na mpaka wa Uganda, watu walianza kujaa kwenye vituo vya afya wakiwa wamekaza shingo, nyuso zimepinda, ndimi zimetoka nje. Mwanzoni madaktari walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Walioathirika walizidi 1,000. Chanzo kilikuwa vidonge vya rangi ya manjano vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kawaida ya kutuliza, lakini ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, tena kwa kipimo kikubwa. Haikuwa opioidi, lakini kosa ni lile lile, jina moja kwenye kopo na dawa nyingine ndani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Sisi tumo humo.

Kwa upande wa opioidi, tazama Afrika Magharibi. Kidonge cha kawaida cha tramadoli kina miligramu 50 au 100, na mtu mzima hatakiwi kupita miligramu 400 kwa siku. Kule mitaani wamekuwa wakiuza vya miligramu 225 na 250, vipimo ambavyo huvikuti kwenye kitabu chochote cha tiba. India ilipoibana tramadoli mwaka 2018, wafanyabiashara hawakufunga duka. Mapema mwaka 2025 waandishi wa BBC walifichua kiwanda cha India kikipeleka Ghana, Nigeria na Côte d'Ivoire vidonge vinavyochanganya tapentadoli, ambayo ni opioidi, na karisoprodoli, dawa ya kulegeza misuli. Mchanganyiko huo haukuwa umeidhinishwa popote duniani, lakini pakiti zilikuwa safi, zenye rangi za kupendeza, kama za dawa halali. India ikapiga marufuku kuisafirisha nje. Kila mlango ukifungwa, dawa inayofuata huwa ngeni zaidi na isiyojulikana zaidi. (Tramadoli imesambaa Afrika kiasi kwamba mwaka 2013 wanasayansi walitangaza wameikuta kwenye mizizi ya mti fulani huko Kamerun. Mwaka uliofuata wenzao wakaeleza kwamba mti hauna kosa: wakulima walikuwa wakiimeza wenyewe na kuwapa ng'ombe wa kulima ili wastahimili jua, na mikojo ikaingia ardhini.)

Nasi Nairobi si wageni wa ukoo huu. Heroini ipo mjini na Pwani kwa miaka mingi, na kliniki ya kwanza ya metadoni, dawa ya kuwasaidia walionaswa na heroini, nchini ilifunguliwa Mathari mwaka 2014 kwa sababu hiyo. Tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini zinaingia mikononi mwa watu wasio na karatasi ya daktari. Njia za namna ile iliyomfikishia mpwa wako kile kidonge zipo hapa pia: rafiki mwenye huruma, muuzaji wa kwenye kundi la WhatsApp, malipo ya M-Pesa, na boda boda wa kuleta mpaka mlangoni. Muuzaji wa namna hiyo akikutumia picha ya kidonge, umeona picha tu.

Sasa, usisimame mbele ya vijana ukawaambia "nunueni dawa kwenye maduka halali pekee" kisha ukakaa. Unajua na mimi najua kwa nini foili hukatwa kwa mkasi. Mtu ana shilingi hamsini, maumivu ni ya leo, na pakiti nzima hawezi. Hata maduka yenye leseni hukata, langu likiwemo. Ninachowaambia wateja wangu ni hiki: kabla hatujakata, omba uone boksi. Toa simu, piga picha jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Haigharimu kitu, na mwenye duka halali hatakasirika. Tazama pia ukutani. Duka lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu hubandika leseni yake ya mwaka pamoja na namba ya duka ambayo unaweza kuihakiki kwa simu. Sisi Nairobi kila anayesimama nyuma ya kaunta tunamwita daktari, hata akiwa binamu wa mwenye duka aliyeachiwa funguo, kwa hiyo usiogope kumuuliza kwa adabu kama yeye ni mfamasia au mteknolojia wa famasia. Na dawa ya ukoo wa opioidi ikiuzwa bila mtu kukuuliza karatasi ya daktari, usifurahie wepesi huo.

Kuna jambo moja nakuomba uliseme hata kama muda utakuwa mfupi. Katika kanisa lolote la Nairobi yumo mtu mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani, na mgonjwa huyo pengine anakunywa morfini ya maji aliyopewa na hospitali au na watu wa tiba shufaa, wanaotuliza maumivu ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Nairobi Hospice imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1990. Ukisema "opioidi zinaua" ukaishia hapo, jioni hiyo hiyo bibi wa watu atafichiwa chupa yake na wajukuu na atalia usiku kucha. Nimeona hofu ya namna hiyo, na inauma kuitazama. Morfini iliyopimwa, yenye jina la mgonjwa kwenye chupa na muuguzi anayeulizia hali yake, si sawa na kidonge cha kwenye karatasi ya daftari.

Sasa sehemu ambayo ningetaka ichukue nusu ya muda wako. Opioidi haziui kwa ghafla kama radi. Mara nyingi kuna dakika kadhaa, pengine saa, ambapo mtu yuko chini na wenzake wako chumba kile kile wakidhani amelala fofofo. Anakoroma kwa sauti ya ajabu, kama maji yanayochemka kwenye sufuria yenye kifuniko. Pumzi inakuja mara moja, kisha kimya kirefu. Ukimwita haitiki, ukimsugua kifua kwa konzi haamki. Ukimfungua jicho, mboni imekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kwa sisi watu weusi usisubiri aonekane wa buluu kama kwenye mabango ya kizungu. Tazama ndani ya mdomo na kwenye kucha, utaona rangi ya majivu.

Hapo piga 999 au 112, lakini usikae ukingoja, kwa sababu unaijua Nairobi na foleni zake. Mlaze chali, rudisha kichwa chake nyuma, toa chochote kilicho mdomoni, mbane pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde 5 huku ukitazama kifua kinainuka. Akirudi kupumua mwenyewe, mlaze ubavu ili akitapika asijikabe, kisha gari lolote litakalopatikana limpeleke hospitali. Usimpe maziwa, usimmwagie maji baridi, usimweke chumvi mdomoni wala kumtembeza kwa nguvu. Hospitalini mwambie daktari ukweli wote juu ya alichomeza na kama alikunywa pombe, maana pombe na dawa za usingizi zikikutana na opioidi huzidisha mara nyingi kile kisa cha kusahau kupumua. Ipo dawa inayoitwa nalokisoni ambayo humrudisha mtu kwa dakika chache, na baadhi ya hospitali na vituo vya metadoni huwa nayo. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na opioidi inaweza kuwa bado iko mwilini, kwa hiyo aliyeamka abaki hospitali hata akisema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani.

Mtu atauliza kama kumgusa aliyemeza fentanili kutamdhuru mwokoaji. Video za polisi wa Marekani kuzirai kwa kugusa unga zimezunguka sana. Jumuiya za madaktari wa sumu za huko huko zilikanusha tangu 2017: kugusa ngozi kwa muda mfupi hakuwezi kumlewesha mtu. Osheni mikono kwa sabuni, basi.

Kwa yule ambaye ameshazoea tramadoli au chochote, ukumbini lazima atakuwepo mmoja na hatanyoosha mkono. Andika ubaoni 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na uiache hapo bila kumtazama mtu usoni. Mwambie pia asiache kwa ghafla peke yake bila daktari, na asiongeze kipimo, kwa sababu tramadoli nyingi humwangusha mtu kama mwenye kifafa.

Limebaki lile la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Kabla ya kulitaja jina la mpwa wako, mpigie dada yako. Msiba ni wake kwanza. Akikubali, simulia kama ulivyoniandikia mimi, kwa maneno yale yale: kazi, wazee, mgongo, rafiki, usingizi. Usimpambe wala usimhukumu yule rafiki. Akikataa, sema tu kijana wa Kikenya aliyekuwa ughaibuni, na wale wenye watoto wanaoinua wazee Minneapolis au Dallas watapiga simu usiku huo huo bila kuambiwa.

Tafuta mkeka mmoja au miwili na vijana wanne wa kujitolea walazwe ubavu mbele ya wenzao. Watacheka. Waache wacheke, ila kila mmoja apate zamu yake ya kulaza na kulazwa. Mimi Jumapili huwa nafungua duka saa nane. Ibada yenu ikiisha kabla ya hapo, niandikie saa na nitakuja kukusaidia hiyo sehemu ya mkeka.